Pampu ya Baiskeli ya Nyumbani

Pampu ya kusimama ni pampu ya kujazia upepo matairi ambayo huwekwa chini, hukanyagwa kwa miguu ili isiyumbe, na hupigwa kwa mikono miwili. Sehemu zake ni chache: silinda, rodi yenye mpini juu na pistoni chini, mpira wa kupitishia upepo, na mdomo unaoshika valvu ya tairi. Pampu fupi inayofungwa kwenye fremu hutegemea nguvu za mikono peke yake. Hii ya kusimama humwezesha mpigaji kuelemea mpini kwa uzito wa mwili wake, ndiyo maana tairi hujaa upesi na mtu hachoki.

Katika bonde la Kilombero baiskeli ni chombo cha kazi kabla ya kuwa chombo cha safari. Kuanzia Ifakara, mji ulio kwenye tambarare mita zipatazo 250 juu ya usawa wa bahari, hadi Mlimba na kata ya Masagati iliyo mbele yake, baiskeli hubeba mpunga, mkaa, madumu ya maji, ndizi na abiria. Keria ya nyuma ikibeba gunia, tairi lenye upepo mdogo hulala, rimu hugonga jiwe au mzizi, na mpira wa ndani hubanwa katikati. Pancha ya namna hiyo hutambulika kwa matundu mawili yaliyokaa sambamba, tofauti na tundu moja la mwiba. Fundi baiskeli hapatikani kila kitongoji, na wakati wa masika njia za udongo hugeuka utelezi, hivyo kumfuata kwa ajili ya upepo tu ni kupoteza nusu siku ya shamba. Kwa kaya ya aina hiyo pampu ni kifaa cha lazima, na swali lililobaki ni ipi inayofaa kwa fedha kidogo.

Jambo la kwanza kuangalia ni valvu. Pampu nzuri kuliko zote haina kazi ikiwa mdomo wake haushiki valvu ya baiskeli iliyopo nyumbani, na hapo ndipo wanunuzi wengi hupotea. Baiskeli kubwa nyeusi za inchi 28, zikiwemo Phoenix za China pamoja na Hero na Avon za India, kwa kawaida hutumia valvu ya Woods, ambayo ndani yake kuna kipira chembamba kinachovikwa kwenye kijiti chenye tundu ubavuni. Upepo unaoingia hukiinua kipira na kupita. Ukitaka kurudi, hukibana kwenye tundu na kulifunga. Baiskeli nyingi za mtumba zinazotoka Japani, zile zenye kikapu mbele, zina valvu hiyo hiyo. Baiskeli nyingi za matairi mapana ya inchi 26 huja na valvu ya Schrader, nene na yenye nyuzi za skrubu kwa nje, sawa na ya pikipiki na gari. Aina ya tatu ni Presta, nyembamba na yenye kinati kidogo kichwani kinachofunguliwa kabla ya kupiga pampu. Hiyo ni ya baiskeli za mashindano na huonekana zaidi kwenye mitumba ya Ulaya.

Mdomo wa pampu kwa ajili ya Schrader huwa na kishikio cha kuinua au kulaza kinachobana valvu. Kwa Woods hutumika kibanio cha springi kinachobinywa kwa vidole na kuachiwa kishike shingo ya valvu. Midomo yenye matundu mawili huwa na tundu la Schrader na la Presta, na hilo la Presta mara nyingi hushika Woods pia, lakini si kila mara. Njia ya uhakika ni kwenda dukani na baiskeli yenyewe. Nyumba yenye baiskeli na pikipiki hufaidika zaidi na pampu ya mdomo wa Schrader inayoambatana na kibanio cha Woods. Kibanio hicho ni kidogo na hupotea upesi, kwa hiyo hufungwa kwa uzi imara kwenye mpira wa pampu tangu siku ya kwanza.

Baada ya valvu huja unene wa silinda, jambo ambalo wauzaji hulitaja kwa nadra ingawa ndilo linaloamua nani nyumbani ataweza kuitumia pampu. Silinda nene huingiza upepo mwingi kwa pigo moja, lakini hudai uzito mkubwa zaidi. Tairi la inchi 28 kwa moja na nusu hubeba ndani yake nafasi ya lita mbili na nusu hivi, na ili lifikie kanieneo ya psi 45 linahitaji kuongezwa upepo wa lita zipatazo 8. Silinda yenye kipenyo cha ndani cha milimita 35 na mwendo wa sentimita 45 huingiza zaidi kidogo ya lita 0.4 kwa pigo moja, hivyo mapigo 20 hadi 25 hutosha. Pampu ya fremu yenye kipenyo cha milimita 22 hudai mapigo zaidi ya 60 kwa kazi hiyo hiyo.

Uzito nao huhesabika. Tairi likifika psi 45, mpini wa silinda ya milimita 35 husukuma kurudi juu kwa nguvu sawa na kilo 30. Kwenye psi 60 hufika kilo 40. Silinda ya milimita 50 hudai zaidi ya kilo 60 kwenye psi 45, mzigo unaomshinda mtoto na hata watu wazima wengi wenye mwili mdogo. Ile ya milimita 28 huhitaji kilo 19 au 20 tu, na mapigo yake yanakaribia 30. Kwa kuwa mara nyingi anayepiga pampu ni mwanafunzi anayewahi shule au mama anayepeleka mzigo sokoni, silinda ya milimita 28 hadi 35 ndiyo inayofaa nyumba nyingi. Hakuna haja ya kipimo cha fundi. Uzi ukizungushwa nje ya silinda na urefu wake ukawa sentimita 10 au 11, unene unafaa. Ukifika sentimita 16, pampu hiyo ni ya mtu mzito na tairi laini.

Geji ndiyo inayopandisha bei, na kwa baiskeli nyingi za Kilombero thamani yake ni ndogo. Geji ya pampu ya kusimama husoma kanieneo ya upepo uliomo katika mpira wa pampu. Kwenye Schrader na Presta valvu hufunguka kwa urahisi, hivyo kinachosomwa kinakaribia kile cha ndani ya tairi. Kwenye Woods upepo lazima kwanza ukishinde kipira, na sindano huonyesha zaidi ya kile kilichoingia. Mwenye Phoenix anayelipia geji hununua namba ambayo haimwelezi ukweli wa tairi lake. Afadhali fedha hiyo iende kwenye mwili wa chuma. Kwa tairi la kazi, kidole gumba kikibonyeza ubavuni, na jicho likiangalia tairi linavyolala mzigo ukiwa juu, mtumiaji mzoefu hupata kipimo kinachotosha. Geji ni ya lazima kwa matairi membamba ya mashindano, yanayojazwa psi 80 hadi 120, kwani gumba haliwezi kutofautisha psi 70 na 100.

Mwili wa pampu hupimwa kwa macho na mikono. Silinda ya chuma hustahimili kuangushwa. Ya plastiki nyepesi hupasuka ikigongwa, na jua huichakaza. Rodi iwe ya chuma na imenyooka, kwani iliyopinda kidogo tu hula kifuniko cha juu na pistoni huanza kukaa upande. Sehemu za kukanyagia ziwe pana kiasi cha kutosha miguu yote miwili, na zilipounganishwa na silinda pasiwe na ufa. Mpira wa upepo ukiwa mfupi, valvu lazima iletwe chini kila mara. Wenye sentimita 70 au zaidi huifikia popote ilipo, hata baiskeli ikiwa imesimama na mzigo wake.

Kifuniko cha juu cha silinda ndicho kinachotenganisha pampu ya kudumu na ya kutupa. Kinachofunguka kwa skrubu au kwa kuzungushwa kinaruhusu pistoni kutolewa, kupakwa mafuta na kubadilishwa washa, yaani kikombe cha ngozi au cha mpira kinachozuia upepo kwenye pistoni. Kilichobanwa kiwandani kisifunguke humaanisha kwamba washa ikichakaa, pampu nzima imekwisha. Pampu ya bei ya chini inayofunguka ni rahisi kuliko ya bei ya kati isiyofunguka, hata kama siku ya kununua haionekani hivyo. Mnunuzi wa Masagati, ambaye huenda akalazimika kuagiza kifaa kutoka Mlimba au Ifakara, ana sababu kubwa zaidi ya kuuliza dukani hapo hapo kama washa na kibanio cha aina hiyo vinauzwa peke yake.

Jaribio la dukani halichukui muda. Mpini huinuliwa hadi mwisho, tundu la mdomo huzibwa kwa gumba kwa nguvu, kisha mpini husukumwa chini. Pampu nzima hukataa, na ikiachiwa mpini huruka kurudi juu. Ikiwa mpini unateremka taratibu bila kukataa, upepo unapita kwenye pistoni au kwenye maungio ya mpira. Sikio likisogezwa karibu husikia ni wapi. Baada ya hapo pampu huunganishwa na tairi lenye upepo na kuachwa bila kupigwa: mpini ukijiinua wenyewe, kizuizi cha upepo kilicho chini ya silinda hakifungi. Jaribio hili la pili linahitaji valvu ya Schrader au tairi la pikipiki, maana Woods hairuhusu upepo kurudi.

Zipo njia nyingine za kujaza upepo. Pampu ya kukanyaga kwa mguu mmoja huuzwa kwa ajili ya magari. Silinda yake fupi huwa nene, na springi zake hulegea. Pampu ndogo ya umeme, ya betri au ya volti 12, inafaa penye umeme wa kuaminika au sola yenye nafasi, lakini ikiharibika fundi baiskeli hawezi kuifungua. Kompresa ya gereji hujaza kwa sekunde chache na inaweza kupasua tairi la baiskeli ikiachwa kidogo tu, kwa kuwa nafasi ya ndani ni ndogo mno ikilinganishwa na ya gari. Kwa kaya zisizoweza kununua peke yao, pampu moja ya chuma ya majirani watatu au wanne ina faida kuliko pampu nne za plastiki, mradi ijulikane inalala nyumba ipi na nani hununua washa.

Kiasi cha upepo hufuata maandishi yaliyo ubavuni mwa tairi. Yakiwa yamefutika, tairi la inchi 28 la kazi hufaa kwa psi 40 mbele na 50 hadi 60 nyuma penye mzigo; la inchi 26 pana hufaa kwa psi 35 hadi 50. Jua la mchana haliongezi upepo kwa kiasi cha kutisha: tairi lililojazwa psi 45 asubuhi, likipata joto la nyuzi 30 zaidi, hufika psi 50 hivi. Kinachopasua matairi yaliyoanikwa juani mara nyingi ni mpira uliozeeka au uliojazwa kupita kiasi tangu mwanzo.

Tairi lisipojaa, pampu hulaumiwa kabla ya valvu kuchunguzwa. Fundi huweka tone la maji au mate kwenye ncha ya valvu na kutazama. Povu likitoka, kipira cha Woods kimekatika au kimekauka, na dawa yake ni kipande kipya cha bei ndogo sana. Kipira kikiwa kizima na upepo bado haupandi, zamu ya pampu imefika.

Ugonjwa wa kawaida wa pampu ni washa ya ngozi kukauka. Washa hiyo ina umbo la kikombe kilichoelekeza mdomo chini: mpini ukishuka, upepo huutanua mdomo na kuubana kwenye kuta za silinda, ukipanda, mdomo hulegea na upepo mpya hupita pembeni. Ngozi kavu haitanuki. Hutolewa, hulowekwa mafuta mepesi kama ya cherehani, husuguliwa kwa vidole hadi ilainike, mdomo wake hupanuliwa kidogo na kurudishwa bila kugeuzwa. Mafuta ya kupikia hufanya kazi kwa siku chache, kisha huganda na kukusanya vumbi. Washa ya mpira, kinyume chake, huvimba ikipakwa mafuta ya mashine, na hupendelea grisi ya silikoni au kiasi kidogo cha gliserini. Ngozi iliyochanika inaweza kukatwa upya kutoka kwenye mkanda wa zamani laini, ikaloweshwa na kukandamizwa juu ya kitu cha duara hadi ishike umbo la kikombe.

Baada ya mvua pampu hufutwa na kusimamishwa ndani, mpini ukiwa chini ili rodi isipate kutu. Mchanga ukiingia kwenye mdomo hufika kwenye kizuizi cha upepo kilicho chini, nacho husafishwa kwa kufungua kitako, kupuliza na kufuta kigololi au kipira kilichomo.