Kutoka kipembe cha Pinard hadi "Moyo": historia ya leba iliyoandikwa jirani na Singida

UE zimepita, boom nalo limeshakata, sasa turudi kwenye historia. Hapa kampasi ukitaja historia watu wanawaza Majimaji na Azimio la Arusha basi. Leo naleta historia ya vifaa: vile vya kusikiliza moyo wa mtoto akiwa tumboni, na vya kumsaidia akizaliwa hapumui. Ukurasa wake mmoja mkubwa uliandikwa karibu kabisa na kwetu Singida.

Nasema Haydom. Kiserikali iko Mbulu, mkoa wa Manyara, ila kwa mtu wa Mkalama huo mpaka ni wa kwenye ramani tu. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom ilifunguliwa 1955 na wamisionari wa Norway, na kwa miaka mingi akina mama wa upande wetu wamekuwa wakivuka kwenda kujifungua kule.

Tuanze mbali kidogo. Mwaka 1816 daktari Mfaransa, René Laennec, alikunja karatasi kama bomba ili asikilize kifua cha mgonjwa wa kike bila kumwekea sikio mwilini. Ndiyo chanzo cha kile kipimo ambacho kila daktari huning'iniza shingoni. Mwaka 1895 Mfaransa mwingine, Adolphe Pinard, akaleta kipembe chake, mfano wa tarumbeta ndogo: upande mmoja tumboni kwa mama, mwingine sikioni kwa mkunga. Hakitaki betri wala umeme, na wakunga wetu wanakitumia mpaka leo.

Halafu kuna kisa cha midoli. Huko Stavanger, Norway, Åsmund Lærdal alikuwa mtengenezaji wa vitu vya kuchezea watoto. Mwanawe mdogo, Tore, alinusurika kufa maji. Mwaka 1960 kampuni yake ikatoa mdoli wa ukubwa wa mtu, Anne, wa kufundishia watu kumpulizia pumzi aliyezama. Tore huyo huyo alikuja kuiongoza kampuni, na vifaa vyake ndivyo vilivyofika Haydom: mdoli wa kichanga unaojazwa maji ili uwe na uzito wa mtoto, na mfuko wa kusukuma hewa kwenye mapafu.

Sasa sikilizeni, hapa ndipo penyewe.

Kuanzia Novemba 2009 waliwekwa watu maalumu leba pale Haydom, usiku na mchana, wakiangalia kila mtoto anayezaliwa na kuandika muda: kalia saa ngapi, kaanza kusaidiwa saa ngapi. Kutokana na kazi hiyo, mwaka 2012 ilichapishwa kwamba mtoto asiyepumua, kila sekunde 30 zinazopotea kabla ya kuanza kusukumiwa hewa zinaongeza hatari ya kufa au kulazwa muda mrefu kwa asilimia 16. Ndiyo maana wakunga wanafundishwa habari ya "dakika ya dhahabu", ile ya kwanza.

Aprili 2010 wakunga wakapewa mafunzo ya siku moja kwa kutumia mdoli. Miezi saba baadaye wakapimwa tena. Kwenye mdoli walifanya vizuri mno: waliofaulu zoezi la kumsaidia mtoto kupumua walipanda kutoka asilimia 18 hadi 74. Lakini leba, kwa watoto wenyewe? Karibu hakuna kilichobadilika. Jamani, hii si sawa na sisi tunaokesha kwenye vimbweta, tunapata A, halafu mwezi ujao ukituuliza tunabaki tunakodoa macho?

Heshima yangu kwa Haydom ni kwamba hawakuificha aibu hiyo. Waliichapisha. Kisha kuanzia Februari 2011 wakabadili utaratibu: mdoli ukawekwa hapo hapo leba, na mkunga anafanya zoezi la dakika tatu hadi tano kila wiki, kazini kwake. Mdoli ule ule, wakunga wale wale. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila vizazi hai 1,000.

Vifaa vipya havikukoma kuja. Kuna kile cha kusikiliza mapigo ambacho unakizungusha kwa mkono kupata umeme, kama redio za wazee. Kikapimwa pale Haydom dhidi ya kipembe, kwa akina mama zaidi ya 2,600. Matokeo yaliyotoka 2018 hayakuonyesha tofauti kwa watoto. Ikaja mashine inayofungwa tumboni kwa mkanda na kufuatilia mapigo muda wote. Wanorway wakaiita kwa Kiswahili chetu: Moyo. Ilipojaribiwa Muhimbili na Temeke iligundua matatizo mengi zaidi, lakini vifo havikupungua kwa kiwango cha kuonekana wazi. Mashine inapiga kelele kwamba mtoto anachoka. Wa kumwahisha mama chumba cha upasuaji bado ni binadamu.

Somo hilo lilisafiri. Vifaa hivi pamoja na mazoezi mafupi ya mara kwa mara vikapelekwa kwenye vituo 30 katika mikoa mitano: Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Matokeo yalichapishwa mwaka 2025: vifo vya watoto wakati wa kuzaliwa na siku za mwanzo vilishuka kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila vizazi 1,000.

Isomeni tena hiyo mikoa. Singida haikuwemo, wakati tumepakana na Manyara na Tabora. Kwa hiyo siku mheshimiwa akija kijijini kukabidhi mashine, tupige makofi, ni haki yake. Ila tumuulize pia: nani atawafanyisha wakunga wetu mazoezi kila wiki, na kwa bajeti ipi? Mashine bila hilo itafunikwa kitambaa kabatini, na mtoto wa Nduguti atakuwa anasubiri ile dakika yake moja.

Ni hayo tu kwa leo. Msome kwa bidii, na mnaorudi likizo Singida safari njema. Kuku wa kienyeji msinisahau.