Matokeo, Madhara na Athari: Funzo kutoka Rungwe

Miongoni mwa maneno yanayotumiwa sana katika insha za historia, na kutumiwa pasipo uangalifu, ni neno athari. Mwanafunzi akitaka kueleza hasara iliyoletwa na mafuriko huandika athari; akitaka kutaja jumla ya mazao yaliyouzwa katika mwaka mmoja huandika athari; na akitaka kueleza jinsi vita ilivyobadili maisha ya vizazi viwili huandika athari vilevile. Hivyo maneno matatu, yaani matokeo, madhara na athari, yamefanywa kuwa neno moja. Nakusudia kuonyesha kwamba kuyachanganya si kosa la lugha peke yake. Humpotosha msomaji asijue nani alitenda nini, na kwa nia gani. Mfano wangu ni nchi ya Wanyakyusa, katika Wilaya ya Rungwe, na mabadiliko yaliyofuata kupandwa kwa mbuni, yaani mti wa kahawa.

Kwanza tuyatazame maneno yenyewe. Matokeo ni yale yatokayo katika tendo, nayo hujulikana upesi: twasema matokeo ya mtihani, matokeo ya uchaguzi. Madhara ni dhara lililompata mtu au kitu. Neno hilo hutoa hukumu. Athari asili yake ni Kiarabu, na katika lugha hiyo maana yake ni alama au nyayo, kitu kibakiacho baada ya mpitaji kwenda zake. Kwa hiyo athari huhitaji muda ili ionekane, tena aghalabu huonekana mahali ambapo mtendaji hakukusudia kufika. Wala alama hiyo si lazima iwe mbaya.

Sasa tuichukue nchi inayouzunguka mji wa Tukuyu, tangu Kinyala na vijiji vingine vya Mlima Rungwe hadi tambarare za Kyela, kando ya Ziwa Nyasa. Wamisionari wa Kimoravia walipofika Rungwe mwaka 1891, walikuta watu walioishi kwa vijiji vya marika. Mvulana alipofikia umri wa miaka kumi hivi aliacha kulala nyumbani kwa baba yake. Yeye na wenzake wa rika moja walijenga vibanda vyao kando ya kijiji cha wazee. Wakawa wanalala huko, wakaendelea kulima mashamba ya baba zao, na chakula walikula kwa mama zao, wakienda kwa kundi leo kwa huyu, kesho kwa yule. Walipooa, kibanda kikawa nyumba na kundi likawa kijiji. Hatimaye ilifanywa sherehe kubwa iitwayo ubusoka, ambapo kizazi cha baba kilikabidhi nchi na madaraka kwa kizazi cha wana, na wazee wakasogea kando. Ardhi ilikuwa ya kijiji. Mtu aliyehama aliiacha kwa wale waliobaki. Mambo haya yalichunguzwa na Godfrey Wilson na mkewe Monica kati ya mwaka 1934 na 1938, na Monica Wilson akayaeleza katika kitabu chake *Good Company*, kilichotoka mwaka 1951.

Utaratibu huo ulitegemea jambo moja: kwamba watu waweze kuhama. Mahindi na maharagwe huvunwa katika msimu, na mwenye shamba akaondoka bila hasara kubwa. Mbuni si hivyo. Hungojewa miaka mitatu au zaidi kabla ya kuzaa, kisha huzaa kwa makumi ya miaka. Aliyeupanda hataki kuuacha, na akifa hutaka mwanawe aurithi. Wamisionari na watawala wa kikoloni walipohimiza kilimo cha kahawa, walitaka mazao ya kuuza na fedha ya kodi. Na wenyeji waliolima walitaka fedha yao. Hapana aliyekusudia kugusa ubusoka. Walakini mzee mwenye kahawa alisita kusogea kando, na ardhi iliyokuwa ya rika ikaanza kuwa ya baba na mwana. Mpunga ulileta mambo ya namna hiyo katika tambarare za Kyela. Kidogo kidogo vijiji vya marika vikafifia.

Hapo ndipo tunapoweza kuyapima maneno yetu. Ni sahihi kuandika: "Fedha aliyoipata mkulima wa Kinyala ilikuwa matokeo ya kuuza kahawa." Ni sahihi pia kuandika: "Kufifia kwa vijiji vya marika ni mojawapo ya athari za kilimo cha kahawa katika jamii ya Wanyakyusa." Lakini tukiandika kwamba kufifia huko kulikuwa "matokeo ya siasa ya kahawa", msomaji atadhani kwamba mtawala alikaa ofisini akapanga kuvunja vijiji. Nasi tukiandika "madhara ya kahawa", tumekwisha kuhukumu kabla ya kuuliza wote. Mzee aliyezoea kuishi na wenzake wa rika alipoteza ujirani mwema ambao Wanyakyusa huuita ukwangala, na hasara hiyo si ndogo. Bali mwana aliyerithi mibuni ya baba yake alipata mali ambayo zamani asingeipata kwa njia hiyo. Jambo moja lilikuwa hasara kwa huyu na faida kwa yule. Neno athari huwabeba wote wawili.

Yafaa pia tujihadhari tusiitwike kahawa mzigo wote. Vijana wengi wa Rungwe walikwenda kufanya kazi katika machimbo ya dhahabu ya Lupa, huko Chunya, na wengine hadi Afrika ya Kusini, wakarudi na fedha za kununua ng'ombe wa mahari pasipo kuyangojea mazizi ya baba zao. Mafundisho ya misheni nayo yalifanya kazi yake. Kisha mwaka 1963 serikali ya Tanganyika iliondoa utawala wa machifu, na ubusoka ulikuwa umefungamana na uchifu. Athari za mambo mengi zaweza kukutana mahali pamoja, kama mito inavyokutana, na ni wajibu wa mwandishi kuutaja kila mto.

Basi kanuni yangu kwa wanafunzi ni hii. Sentensi yenye neno athari haikamiliki mpaka iwe na ncha mbili: athari za nini, na kwa nani au katika nini. Kuandika kwamba "ukoloni ulileta athari kubwa" ni kuandika nusu ya sentensi. Tena, baina ya ncha hizo mbili kuna njia, nayo lazima ielezwe hatua kwa hatua: mti wa miaka mingi, mzee asiyetaka kuhama, mwana anayerithi, kijiji kinachofifia. Asiyeweza kuitaja njia hiyo bado hajaijua athari, hata kama neno lenyewe ameliandika mara kumi.