Sauti Nne na Gitaa Moja: Historia ya Mills Brothers

Kundi la Mills Brothers, lililoundwa na ndugu wanne kutoka mji mdogo wa Piqua katika jimbo la Ohio, Marekani, halikuwa la kwanza kuimba kwa sauti nne, lakini ni miongoni mwa makundi ya mwanzo kabisa yaliyoutoa uimbaji huo mitaani na makanisani na kuuingiza katika biashara ya redio na santuri, kisha likadumu sokoni kwa zaidi ya nusu karne. Uimbaji wa aina hiyo, ambao wanakwaya wa Afrika Mashariki wanaufahamu vyema kwa mgawanyo wake wa soprano, alto, tena na besi, ni ule ambao kila mwimbaji hufuata njia yake mwenyewe ya noti, ilhali noti zote zinazosikika kwa wakati mmoja hupatana na kujenga mlio mmoja mpana. Ndugu hao hukumbukwa zaidi kwa ufundi wao wa kuigiza ala za muziki kwa midomo, na ni kweli kwamba ufundi huo ndio uliowafungulia mlango. Hata hivyo, mafanikio yao makubwa zaidi yalikuja baada ya kuupunguza, na kilichowadumisha kilikuwa cha zamani zaidi, yaani uimbaji wa kwenye duka la kinyozi waliourithi kwa baba yao.

Mwishoni mwa karne ya 19, duka la kinyozi katika mitaa ya Wamarekani weusi lilikuwa baraza ya wanaume, mahali pa kusubiri zamu, kupiga soga na kuimba, kwani kumbi nyingi za burudani za mijini ziliwafungia milango. Mmoja aliuanzisha wimbo unaojulikana na wote, wenzake wakatafuta kwa sikio sauti za kuuzungushia, na walipofika kwenye noti zinazopatana vizuri walizivuta na kuzikalia kwa raha, hata kama mwendo wa wimbo ungesimama kidogo. Tofauti na kwaya ya kanisani, ambamo wimbo wenyewe kwa kawaida hubebwa na sauti ya juu kabisa, katika mtindo huu mwenye wimbo hukaa katikati: juu yake hupita tena nyembamba, chini kabisa besi, na mwimbaji wa nne, baritoni, huokota noti iliyobaki ili pengo lizibwe. Mtafiti Lynn Abbott, katika makala aliyoichapisha mwaka 1992, alionyesha kwa ushahidi mwingi kwamba asili ya mtindo huo ni jamii ya Wamarekani weusi, jambo linalostahili kukumbukwa pamoja na kejeli yake, kwa sababu chama kilichoanzishwa mjini Tulsa, Oklahoma, mwaka 1938 kwa lengo la kuuhifadhi uimbaji huo kilikuja kuwazuia watu weusi kujiunga nacho, na zuio hilo halikuondolewa hadi mwaka 1963.

Baba wa ndugu hao, John Hutchinson Mills, alikuwa kinyozi mwenye duka lake Piqua na pia mwimbaji aliyekuwa na kundi lake la sauti nne. Wanawe, John aliyezaliwa mwaka 1910, Herbert mwaka 1912, Harry mwaka 1913 na Donald mwaka 1915, walikulia katika mlio huo nyumbani, dukani na katika kwaya za makanisa ya mji. Kuimba kwa ndugu kuna faida ambayo mafunzo huifikia kwa shida, kwani watu waliolelewa chini ya paa moja hutamka irabu kwa namna moja, hupumua kwa mazoea yanayofanana, na mara nyingi koo zao zenyewe zina rangi moja ya sauti, hivyo sauti nne huungana kiasi kwamba msikilizaji hupata taabu kuzitenganisha.

Kwa mujibu wa masimulizi ya familia, uigizaji wa ala ulianza kwa bahati mbaya. Vijana hao walikuwa wakiimba huku wakipuliza kazuu, ambacho ni kifilimbi chenye utando unaotetema mtu anapovumisha sauti ndani yake, na katika shindano moja la jukwaani mjini kwao Harry akagundua kwamba hana kifilimbi chake. Akakusanya viganja mbele ya mdomo na kutoa mlio wa tarumbeta, na watazamaji wakaupenda kuliko kifilimbi chenyewe. Baada ya hapo waligawana ala: John, mwenye besi, alichukua tuba, lile tarumbeta kubwa la sauti nzito, huku akipiga gitaa kwa mikono, Harry alibaki na tarumbeta ya kwanza, Herbert akachukua ya pili, na Donald akaiga tromboni. Viganja vilifanya kazi ileile inayofanywa na kizibo ambacho wapiga tarumbeta wa jazi huweka kwenye mdomo wa ala ili kuufinya mlio, na kwa kuvifungua na kuvifunga kidogokidogo mwimbaji aliweza kuufanya mlio ulie, ucheke au unung'unike.

Mwaka 1928 walifika Cincinnati na kupata nafasi katika kituo cha redio cha WLW, na baada ya takriban miaka miwili wakaenda New York, ambako mtandao wa CBS uliwapa mkataba uliowafanya kuwa miongoni mwa Wamarekani weusi wa kwanza kuwa na kipindi chao wenyewe katika redio ya taifa zima. Wakati ulikuwa upande wao. Tangu mwaka 1925 kampuni za santuri zilikuwa zimeanza kurekodi kwa maikrofoni ya umeme badala ya pembe kubwa ambalo mwimbaji alilazimika kulipigia kelele, na maikrofoni hiyo ndiyo iliyoruhusu sauti ya chini, ya karibu na sikio, kusikika sebuleni kwa msikilizaji. Kundi hili lisingewezekana katika enzi ya pembe, kwa maana tuba ya mdomo na mkwaruzo mwepesi wa gitaa moja vingepotea kabla ya kufika kwenye nta. Redio iliwasaidia pia kwa njia nyingine isiyopendeza kuisimulia: ilipeleka sauti bila sura katika nchi ambayo hoteli na kumbi nyingi zilikuwa zikiwabagua waimbaji hao.

Santuri yao ya kwanza yenye mafanikio, iliyotolewa na kampuni ya Brunswick mwaka 1931, ilikuwa na wimbo wa Tiger Rag, ambao ulikuwa umeshazoeleka kama kipande cha bendi kamili za jazi. Wasikilizaji walisikia tarumbeta, tromboni na tuba, nao hawakuwa na sababu ya kushuku. Kwa hiyo kampuni ililazimika kuchapa kwenye lebo ya santuri tamko kwamba hakuna ala wala mtambo wowote uliotumika isipokuwa gitaa moja. Tamko hilo dogo lilikuwa tangazo bora la biashara kuliko yote, kwani mnunuzi aliirudia santuri mara nyingi akitafuta kosa litakalomfichulia ujanja, na hakulipata. Katika miaka michache iliyofuata walirekodi Dinah pamoja na mwimbaji Bing Crosby, walionekana katika filamu ya The Big Broadcast ya mwaka 1932, na wakahamia kampuni ya Decca, ambako wangekaa kwa zaidi ya miaka 20.

Mwaka 1934 waliimba London mbele ya Mfalme George V na Malkia Mary, heshima kubwa kwao, lakini ni katika safari hiyo hiyo ya Uingereza ambapo John aliugua, naye alifariki dunia mwanzoni mwa mwaka 1936 akiwa na umri wa miaka 25. Pigo hilo lilikuwa la familia kabla ya kuwa la kazi, na upande wa kazi nao ulikuwa mzito, maana kundi lilipoteza besi yake na mpiga gitaa wake kwa mkupuo. Gitaa lilipewa mtu wa nje, na hatimaye likakaa kwa miaka mingi mikononi mwa Norman Brown. Nafasi ya besi ilichukuliwa na baba yao mwenyewe, yule kinyozi wa Piqua, ambaye alikuwa amevuka umri wa miaka 50. Mbadala huyo hakuhitaji kufundishwa mtindo, kwa kuwa mtindo ulikuwa wake tangu mwanzo, na kuingia kwake kunaeleza vizuri kwa nini santuri za baada ya mwaka 1936 zinaelekea zaidi kwenye mlio wa duka la kinyozi kuliko kwenye bendi ya midomo.

Vita vya Pili vya Dunia vilipoanza walikuwa ziarani nje ya Marekani, na waliporudi nyumbani mwaka 1941 walikuta kundi jingine, Ink Spots, limechukua sehemu kubwa ya wasikilizaji wao kwa mtindo wa tena ya juu inayoongoza na besi inayoyanena maneno badala ya kuyaimba. Jibu lao lilitoka mahali pasipotarajiwa. Mwezi Februari 1942 walirekodi Paper Doll, wimbo uliotungwa na Johnny Black mwaka 1915, kuhusu mwanamume aliyechoka kuachwa ambaye anaona ni heri awe na mwanasesere wa karatasi asiyeweza kuporwa na mtu. Wimbo ulianza kama kijazio cha upande wa pili wa santuri. Donald anauanza polepole, gitaa likimfuata kwa upole, kisha wenzake wanaingia na mwendo unachangamka, bila tarumbeta ya kuigiza kuupeleka mbele. Katika mwaka 1943, wakati mamilioni ya askari walikuwa mbali na wapenzi wao, lalamiko hilo lilipata masikio, likakaa katika nafasi ya kwanza ya orodha ya jarida la Billboard kwa wiki 12, na mauzo yake hutajwa kwa kawaida kuwa nakala milioni 6. Harry alikuwa ameitwa jeshini, na mwimbaji mwingine, Gene Smith, alishika nafasi yake katika maonyesho.

Athari yao ilivuka bahari. Katika kitongoji cha Pimville, Johannesburg, vijana wanne wakiongozwa na Nathan "Dambuza" Mdledle waliunda katika miaka ya 1930 kundi la Manhattan Brothers, ambalo lilijifunza kwa kusikiliza santuri za Mills Brothers na za Ink Spots na kisha likatia lugha na midundo ya kwao. Kundi hilo ndilo lililomchukua Miriam Makeba katika miaka ya 1950 na kurekodi naye Lovely Lies, santuri iliyoingia katika chati ya Marekani mwaka 1956. Wasikilizaji wa Kiswahili, wanaomkumbuka Makeba kwa Malaika, hawana budi kuhesabu shule hiyo katika malezi ya sauti yake.

Miaka ya baadaye haihitaji maelezo marefu. Mwaka 1952 waliufufua wimbo wa mtunzi Mjerumani Paul Lincke, Glow Worm, kwa maneno mapya ya Johnny Mercer na kwa msaada wa okestra, nao ukawa kati ya nyimbo zao zilizouza sana. Hata hivyo, ni vigumu kuusikiliza bila kuona kwamba okestra iliwapunguzia kile kilichowatofautisha. Baba alistaafu katika nusu ya pili ya muongo huo na kufariki mwaka 1967, na wana watatu wakaendelea, wakipata mwaka 1968 wimbo wao mkubwa wa mwisho, Cab Driver. Harry alifariki mwaka 1982 na Herbert mwaka 1989. Donald, mdogo wao, alibaki jukwaani na mwanawe John, akapokea tuzo ya Grammy ya mchango wa maisha mwaka 1998, na akafariki Los Angeles mwezi Novemba 1999, baada ya hapo John, mjukuu wa kinyozi wa Piqua, aliendelea kuimba kwa jina la Mills Brothers.