Chini ya Beti Mbili kwa Siku: Mazoea ya Waandishi Wetu na Daftari la Mtahiniwa

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa, hebu chukua rundo la insha za kidato cha nne uhesabu ni ngapi zinazoanza kwa miale ya jua inayochungulia kutoka mashariki na ndege wanaoimba matawini. Nimesahihisha insha za namna hiyo hapa Munje, kusini mwa Msambweni, zilizoandikwa na vijana ambao alfajiri yao haihusiani hata kidogo na ndege hao. Alfajiri ya Munje ni ya watu wanaouliza kama maji yamejaa au yamekupwa, ya ngalawa zinazosukumwa majini, na ya kina mama karanga wanaosubiri samaki wa kukaanga. Mtoto anayajua hayo yote, lakini akishika kalamu anayaacha nje ya darasa.

Jibu letu la haraka ni kwamba mtoto huyo hana kipaji. Historia ya fasihi yetu inatupa jibu tofauti.

Tuanze na jirani. Ukishavuka mpaka wa Lungalunga na Horohoro, Tanga haiko mbali. Kutoka Munje ni karibu zaidi kuliko Nairobi. Huko ndiko alikozaliwa Shaaban Robert mwaka 1909. Tumezoea kumwita gwiji, na sifa hiyo imetufanya tusahau kwamba alikuwa karani. Aliajiriwa na Idara ya Forodha mwaka 1926, na sehemu kubwa ya maisha yake ilipita katika ofisi za serikali ya kikoloni, akihamishwa huku na huko. Uandishi ulikuwa wa saa zilizobaki. Fikiria Utenzi wa Vita vya Uhuru, aliotunga kuhusu vita vya 1939 hadi 1945 na ambao ulichapishwa mwaka 1967, miaka mitano baada ya kifo chake. Una beti zipatazo 3,000. Wengi hutajiwa idadi hiyo wakashika vichwa. Lakini zigawanye kwa siku za miaka sita ya vita vyenyewe, ambazo hazipungui 2,190. Utapata chini ya beti mbili kwa siku. Sidai kwamba alitunga kwa kiwango hicho kila siku. Nadai tu kwamba kazi inayoonekana kama mlima inaweza kupandwa na karani aliyetoka kazini amechoka.

Ushahidi ulio wazi zaidi ni barua zake. Alimwandikia ndugu yake, Yusuf Ulenge, na barua hizo za kati ya 1931 na 1958 zilichapishwa na TUKI mwaka 2002. Hiyo ni miaka 27 ya kumweleza mtu mmoja mambo ya kazi, ya nyumbani na ya vitabu. Mimi naziona barua hizo kuwa karakana yake. Mtu anayeandika barua ana msomaji mbele ya macho yake, na hawezi kumdanganya kwa miale ya jua.

Kuna watakaosema kwamba mwanafunzi wa leo hana nafasi, hana karatasi, hana utulivu. Basi tumtazame Abdilatif Abdalla wa Mombasa. Baada ya kuandika kijikaratasi cha Kenya: Twendapi? mwaka 1968, alifungwa miaka mitatu, 1969 hadi 1972, akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Akiwa kifungoni alitunga mashairi kwa siri, akayaandika kwenye karatasi za chooni. Mashairi hayo ndiyo Sauti ya Dhiki, iliyotoka mwaka 1973 na kupata Tuzo ya Jomo Kenyatta mwaka 1974. Simtaji ili nimwaibishe mwanafunzi asiye na meza. Namtaja kwa sababu ya jambo ambalo hatulizingatii ipasavyo: aliandika kwa Kimvita, lahaja ya kwao.

Hapo ndipo penye kidonda chetu hapa Munje. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na lahaja nyingine zikabaki za nyumbani. Kichifundi, lahaja ya ukanda huu, kiliandikiwa kitabu na H. E. Lambert mwaka 1958, lakini sijakutana na mwanafunzi aliyewahi kukiona. Yeye anachokiona ni wino wangu mwekundu. Akiandika “chisima” namkata, na katika mtihani sina budi, kwa kuwa unadai Kiswahili sanifu. Kosa langu la miaka mingi lilikuwa kumkata hata pale ambapo hapakuwa na mtihani. Mvulana mmoja alinirudishia daftari likiwa tupu kwa majuma mawili. Nilipomuuliza alisema, “Mwalimu, nikiandika nnavyosema, nakosa. Nikiandika wanavyosema, sina la kusema.”

Tangu hapo wanafunzi wangu wana madaftari mawili. Moja ni la insha, nalo nalisahihisha kwa ukali wote unaohitajika, maana Karatasi ya Kwanza haimngoji mtu: ni insha mbili kwa saa moja na dakika arobaini na tano. La pili siligusi kwa wino. Humo wanaandika mistari mitano kila siku, kwa lahaja yoyote, kuhusu kitu walichokiona kwa macho yao siku hiyo. Kila Ijumaa wanachagua mistari mitano wanayoipenda na kuigeuza wenyewe iwe Kiswahili sanifu, kisha inaingia katika daftari la kwanza. Si wote wanaofuata. Wengine huandika mistari yote ya juma Alhamisi usiku, na hilo hujulikana mara moja kwa sababu siku zote tano zinakuwa na hali ya hewa moja.

Mvulana yule wa daftari tupu aliandika kuhusu bamvua, jinsi babake anavyotazama mwezi kabla ya kuamua atatega wapi malema yake. Alipoigeuza ukurasa ule kuwa insha alikwama kwenye maneno matatu ya uvuvi ambayo kamusi ya darasani haikuwa nayo. Aliniuliza ayaandike vipi. Nilimwambia ayaache kama yalivyo, ayaeleze ndani ya sentensi.