Mgeni wa Gusii alilala wapi kabla ya Airbnb?

Kampuni ya Airbnb ilizaliwa San Francisco mwaka 2008, na wengi huanzia hapo wanaposimulia historia ya nyumba za kukodi kwa siku chache. Kwa kaunti za Kisii na Nyamira, yaani Gusii nchini Kenya, simulizi hiyo haitoshi. Jina limetoka Marekani, lakini haja ilianzia bomani. Kanuni za heshima za Abagusii, chinsoni, hutenga kizazi na kizazi: baba haingii nyumbani mwa mwanawe aliyeoa, na kijana aliyetahiriwa hakulala tena kwa mamake bali katika esaiga, nyumba ya vijana. Ili watu walale kwa heshima, boma lilihitaji nyumba kadhaa. Mashamba yakagawanywa kati ya wana kizazi hadi kizazi, katika eneo lenye msongamano mkubwa wa watu, mpaka nafasi ya kujenga ikaisha. Kanuni hazikuisha.

Ndiyo maana naona vyumba vya kukodi vya Nyanchwa au Milimani, mjini Kisii, kuwa warithi wa esaiga zaidi kuliko watoto wa utalii. Ugatuzi wa 2013 ulileta maafisa na wanakandarasi, na mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Kisii kikapata hati ya kuwa chuo kikuu kamili. Lakini wanaojaza vyumba Desemba ni jamaa waliokuja kwa mazishi, harusi au kumuuguza mgonjwa. Mtu atasema lojingi zilikuwepo. Zilikuwepo, ila lojingi humpa mtu kitanda, haiwapi wakwe na wajukuu jiko la kupikia pamoja. Wengine hulalamika kwamba ukarimu sasa unauzwa. Mimi sioni hivyo: mgeni anayelala kando akala chakula cha wenyeji hajafukuzwa, amesitiriwa.

Pingamizi zito ni la usalama. Januari 2024 wanawake wawili waliuawa Nairobi katika vyumba vya aina hii, na serikali ikaagiza visajiliwe na Mamlaka ya Kudhibiti Utalii, iliyoundwa chini ya Sheria ya Utalii ya 2011. Agizo lilikuwa la haki, maana maisha ya watu yamo hatarini. Hata hivyo, nyumba nyingi za Gusii zimejengwa na watoto wa hapa walioko Nairobi au Minnesota, kodi hupita kwa M-Pesa, na ufunguo hukaa kwa binamu. Usajili unaomtambua mwenye hati ya nyumba peke yake humwacha nje yule anayemfungulia mgeni mlango usiku. Huyo binamu ndiye anayepaswa kuandikwa kwanza, pamoja na kitambulisho cha kila anayemkabidhi ufunguo.