Kinda wa Kiholanzi anauzwa na nani?

Agosti 2015 Ajax ya Amsterdam ilimsajili kiungo wa miaka 18 kutoka Willem II ya mji wa Tilburg kwa ada ya euro 1. Si kosa la mchapaji. Ilikuwa euro moja, bei isiyotosha hata nauli ya kumleta. Kijana mwenyewe, Frenkie de Jong, ndiyo kwanza alikuwa anaonja soka la wakubwa, na Willem II walikubali kwa sababu mkataba uliwapa fungu lao siku atakapouzwa tena. Haikuchukua muda. Januari 2019 Barcelona ilikubali kutoa euro milioni 75, na nyingine hadi milioni 11 zilizofungwa kwenye masharti.

Kila dirisha la usajili likikaribia, kurasa za michezo hujaa majina ya vijana wa Uholanzi. Huyu anamezewa mate na Arsenal, yule skauti wa Bayern wameonekana jukwaani, mwingine eti ameshakubaliana na Liverpool maslahi binafsi. Habari hizo husimuliwa kana kwamba jambo zima liko miguuni mwa kijana. Mimi nasema tutazame makaratasi pia. Nchi ile imetoa wachezaji hodari kwa zaidi ya miaka 70, na katika muda huo wote sheria na mikataba vimeamua nani atavuna kuliko kipaji chenyewe kilivyoamua.

Mwanzoni hakuna aliyevuna. Mwaka 1949 Faas Wilkes, mshambuliaji wa Xerxes ya Rotterdam, alikwenda Inter Milan. Chama cha soka cha Uholanzi, KNVB, hakikutaka kusikia habari ya mchezaji kulipwa. Soka lilikuwa la ridhaa, na aliyekwenda kulipwa ng'ambo alifungiwa timu ya taifa. Wilkes alikaa nje ya timu hiyo miaka kadhaa kama mtu aliyeiba sadaka, ilhali rekodi yake ya mabao 35 katika mechi 38 za taifa ilikuja kudumu hadi Dennis Bergkamp alipoipita mwaka 1998.

Kilichoilegeza KNVB ni msiba. Usiku wa kuamkia 1 Februari 1953 Bahari ya Kaskazini ilibomoa kingo za kusini magharibi mwa nchi, na watu 1,836 wakafa. Waholanzi waliokuwa wakicheza soka la kulipwa nje, wale wale waliofungiwa, waliandaa mechi ya kuwachangia waathirika, na tarehe 12 Machi wakaifunga Ufaransa 2-1 jijini Paris mbele ya maelfu ya mashabiki waliosafiri kutoka nyumbani. Baada ya hapo ilikuwa vigumu kuwaita wasaliti. Majira ya kiangazi ya 1954 ligi ya kulipwa ikaanza pembeni, bila baraka za chama, na kabla mwaka haujaisha KNVB ikasalimu amri na kuungana nayo.

Johan Cruyff alikuwa na umri wa miaka saba wakati huo. Alizaliwa Aprili 1947 katika mtaa wa Betondorp, mashariki mwa Amsterdam, mwendo wa dakika chache kutoka uwanja wa zamani wa Ajax, De Meer. Baba yake alikuwa na duka la matunda na mboga. Alipofariki mwaka 1959, mama alipata kazi ya usafi pale pale Ajax, na baadaye akaolewa na mtunza uwanja wa klabu. Mtoto huyu basi hakuhitaji skauti wa kumfuata kijijini: alikuwa akizunguka vyumba vya kubadilishia nguo tangu utotoni, na kocha wa vijana Jany van der Veen alikuwa amekwisha kumwona akichezea barabarani. Alisajiliwa kwenye timu ya watoto akiwa na miaka kumi. Novemba 1964 alicheza mechi yake ya kwanza ya wakubwa huko Groningen dhidi ya GVAV. Ajax ilipigwa 3-1, na bao la Ajax lilikuwa lake.

Kocha Rinus Michels alipofika mwaka 1965 aliikuta klabu ikihangaika mkiani. Kufikia 1973 Ajax ilikuwa imebeba Kombe la Klabu Bingwa Ulaya mara tatu mfululizo, ikiwa na kikosi ambacho sehemu kubwa yake ilikulia Amsterdam au kandokando yake. Kisha Hispania ikafungua tena milango kwa wachezaji wa kigeni, na kambini wachezaji wa Ajax wakapiga kura ya unahodha na kumchagua Piet Keizer badala ya Cruyff. Mambo hayo mawili, moja la serikali ya soka na moja la wivu wa chumbani, yakamwondoa. Ajax ilikuwa tayari kumuuza Real Madrid. Cruyff akasema ataenda Barcelona, alikokuwa Michels, la sivyo ataacha mpira. Akaenda kwa takribani gulda milioni 6, rekodi ya dunia.

Hapo ndipo Waholanzi walipoona mpira unaweza kuuzwa kama maua yao yanavyouzwa. Ruud Gullit alianza Haarlem akiwa na miaka 16, akapita Feyenoord, akapita PSV ya Eindhoven, na kila kituo kikamuuza ghali kuliko kilivyomnunua, hadi AC Milan ilipomchukua 1987 kwa gulda milioni 17, rekodi nyingine ya dunia. Mwaka huo huo Milan ilimpata Marco van Basten kutoka Ajax, kijana aliyeingia uwanjani kwa mara ya kwanza mwaka 1982 akichukua nafasi ya Cruyff mwenyewe, na akafunga. Frank Rijkaard akawafuata 1988. Yeye na Gullit walicheza pamoja kwenye uwanja mdogo wa mtaani, magharibi mwa Amsterdam, wote wana wa baba waliotoka Suriname. Clarence Seedorf na Edgar Davids walizaliwa kabisa Paramaribo. Anayeisimulia historia ya vipaji vya Kiholanzi bila koloni lile la Amerika ya Kusini anasimulia nusu.

Nikiambiwa nichague siku moja ya historia hii, sitachagua ya fainali. Nitachagua 15 Desemba 1995, na mahakama ya Luxembourg.

Miezi saba kabla, tarehe 24 Mei, Ajax ya Louis van Gaal ilikuwa imeifunga AC Milan 1-0 jijini Vienna na kuwa bingwa wa Ulaya. Bao liliingia dakika ya 85, la Patrick Kluivert, miaka 18, aliyetoka benchi. Seedorf alikuwa na miaka 19. Davids, Reiziger, Kanu, Overmars, wote walikuwa vijana. Ungewapa miaka mitano pamoja, sijui nani angewazuia. Lakini Mbelgiji mmoja, Jean-Marc Bosman, alikuwa amekaa mahakamani miaka mitano akidai kwamba mkataba wake na klabu ya Liège ulipokwisha hakuna aliyekuwa na haki ya kumdai ada. Mahakama ya Haki ya Ulaya ikampa ushindi, na kwa hukumu hiyo hiyo ikafuta ukomo wa idadi ya wachezaji raia wa Umoja wa Ulaya katika kikosi.

Ajax haikuwa imejiandaa. Vijana wake walikuwa na mikataba iliyokuwa ikielekea ukingoni, na sasa wangeweza kuondoka bure. Davids na Reiziger wakaenda 1996, Kluivert na Bogarde 1997. Wote wanne walikwenda kwa yule yule waliyemfunga Vienna: AC Milan. Hakuna hata mmoja aliyeng'ara kule. Davids akahamia Juventus, na watatu waliobaki wakaishia Barcelona, na kocha aliyekuwa akiwasubiri huko alikuwa Van Gaal. Timu iliyoondoka Amsterdam bure ikaanza kuunganishwa upya Catalonia, kwa gharama ya mtu mwingine. Finidi George, Kanu, Overmars, mapacha De Boer, Litmanen na Van der Sar nao waliondoka, na mwaka 1999 ulipokwisha kikosi cha Vienna kilikuwa kimebaki kwenye picha.

Somo waliloondoka nalo viongozi wa klabu za Uholanzi lilikuwa la kihasibu: usimwache kijana aingie mwaka wa mwisho wa mkataba wake. Muuze ukiwa bado una kitu mkononi. Ndiyo maana tangu hapo wamekuwa wakiondoka wadogo zaidi na mapema zaidi. Arjen Robben, mtoto wa kijiji cha Bedum, alitoka Groningen kwenda PSV 2002 na Chelsea 2004. Mwaka huo huo Feyenoord ilimwachia Robin van Persie kwa Arsenal kwa pauni milioni 2.75, na hiyo naiona kama moja ya bei za aibu za karne hii.

Biashara hii ina hatari zake, na anayezibeba kwanza ni kijana. Ruud van Nistelrooy alipanda ngazi zote: Den Bosch, Heerenveen, kisha PSV mwaka 1998, akifunga kila alipopita. Aprili 2000 Manchester United ilikuwa tayari kulipa zaidi ya pauni milioni 18, mpaka madaktari wakatilia shaka goti lake na shughuli ikasimama. Siku chache baadaye, PSV wakiwa mazoezini, aliruka kuwania mpira, akatua, na kano ya goti ikakatika. Kamera ya televisheni ilikuwapo; ukelele wake ulisikika nchi nzima. Alex Ferguson akaenda kumtazama na kumwambia asikate tamaa. Mwaka mmoja baadaye United ilirudi na pauni milioni 19, ikamkuta amepona. Wangapi waliumia hivyo bila kurudiwa na mtu? Hao hawaandikwi.

Wapo pia waliopitwa na macho ya wasaka vipaji. Virgil van Dijk alikuwa kwenye timu ya vijana ya Willem II na huku akiosha vyombo katika mgahawa wa kwao Breda. Aliyemwona ni Martin Koeman, baba wa Ronald na Erwin, aliyekuwa akiitafutia Groningen wachezaji. Hata alipong'ara Groningen, Ajax haikumchukua. Celtic ilimpata 2013 kwa pauni milioni 2.6, Southampton ikalipa milioni 13, na Januari 2018 Liverpool ikatoa milioni 75. Sehemu kubwa ya fedha hizo ilibaki Uingereza. Kwa mfumo unaosifiwa duniani kote kwa jicho lake, hilo ni kovu.

Feyenoord iliwategemea watoto kwa sababu mfuko ulikuwa mtupu. Oktoba 2010 timu yake kubwa, iliyojaa vijana, ilichapwa 10-0 na PSV. Ndani yake alikuwemo Georginio Wijnaldum, ambaye miaka tisa baadaye aliifungia Liverpool mabao mawili katika ule ushindi wa 4-0 dhidi ya Barcelona. Ajax kwa upande wake ilipata uwanja mpya wa kujaribia: mwaka 2013 KNVB iliruhusu timu za vijana za klabu kubwa kucheza daraja la pili dhidi ya watu wazima. Jong Ajax ikatwaa ubingwa wa daraja hilo 2018, ingawa kanuni haziiruhusu kupanda. Mwaka huo Matthijs de Ligt alikuwa nahodha wa timu kubwa akiwa na miaka 18. Msimu wa 2018-19 waliitandika Real Madrid 4-1 Bernabéu, wakaitoa Juventus Turin, na wakakosa fainali kwa bao la Lucas Moura wa Tottenham katika sekunde za mwisho. Kiangazi De Ligt akaenda Juventus kwa euro milioni 75, De Jong Barcelona. Safari hii hakuna aliyeondoka bure.

Waingereza nao waliwahi kuwa na njia ya mkato: kumchukua kijana akiwa na miaka 16, kabla klabu yake haijamfunga kwa mkataba wa maana. Nathan Aké alitoka Feyenoord kwenda Chelsea hivyo mwaka 2011. Uingereza ilipojitoa Umoja wa Ulaya njia hiyo ikafungwa, na tangu Januari 2021 klabu zake haziwezi kumsajili mgeni aliye chini ya miaka 18. Jorrel Hato, aliyetoka Sparta Rotterdam akiwa mtoto na kuvaa kitambaa cha unahodha wa Ajax akiwa na miaka 17, aliondoka kwenda Chelsea 2025 akiwa na miaka 19, kwa zaidi ya pauni milioni 35.

Katika mauzo ya namna hiyo Sparta nayo ina chake. Kanuni ya FIFA inatenga asilimia 5 ya ada ya uhamisho wa kimataifa kwa klabu zilizomlea mchezaji kati ya miaka 12 na 23: robo ya asilimia kwa kila msimu hadi wa miaka 15, nusu asilimia kwa kila msimu baada ya hapo. Inazihusu hata klabu zetu za Afrika Mashariki, zikitunza kumbukumbu.

Sasa vijana wenyewe na mawakala wao wamejifunza hesabu hizi. Xavi Simons alizaliwa Amsterdam 2003, akakulia akademi ya Barcelona, akahamia Paris Saint-Germain akiwa na miaka 16. Mwaka 2022 alikwenda PSV bure, akafunga mabao 19 ya ligi katika msimu mmoja, na PSV ikabeba Kombe la Uholanzi. Lakini Paris walikuwa wameacha kifungu cha kumnunua tena kwa bei iliyokwisha kuandikwa, na kiangazi cha 2023 wakakitumia. Wakamkopesha Leipzig, kisha wakamuuza huko kwa makumi ya mamilioni ya euro, na Agosti 2025 Leipzig nayo ikamuuza Tottenham kwa zaidi ya pauni milioni 50. Msimu uliompandisha bei aliuchezea Eindhoven. Faida ikagawanywa Paris na Leipzig.