Mpiga Gitaa Zito na Amplifaya Yake

Na mwanafunzi wa zamani, Kidato cha Sita 1999

Katika kila bendi yuko mtu mmoja ambaye wachezaji dansi hawalijui jina lake. Mwimbaji anajulikana, mpiga solo anashangiliwa, mpiga ngoma anaonekana kwa jasho lake. Mpiga gitaa zito, yaani besi, husimama nyuma karibu na ngoma, na watu humtambua siku ile tu asipokuwapo, kwa maana siku hiyo dansi halichezeki. Makala haya yanamhusu mtu huyo pamoja na sanduku lililo nyuma ya mgongo wake, yaani amplifaya. Nimeona yafaa kuyaandika katika toleo hili kwa sababu sisi wanafunzi wa zamani tumo katika kuchangia vyombo vipya vya bendi ya shule, na katika orodha iliyosambazwa nimeona magitaa, kinanda, maikrofoni na ngoma, lakini amplifaya ya besi sikuiona. Kabla hatujatoa fedha zetu, tutazame kwanza historia inatuambia nini.

Tuanze na tatizo lenyewe. Uzi mnene kuliko zote wa gitaa zito, ukipigwa wazi, hutetemeka kiasi cha mara 41 kwa sekunde. Ule wa gitaa la kawaida hutetemeka kiasi cha mara 82. Wimbi la sauti ya mitetemo 41 lina urefu wa zaidi ya mita 8 hewani, yaani linazidi upana wa vyumba vingi vya madarasa. Ili kutoa wimbi kama hilo, spika yapaswa kusukuma hewa nyingi. Juu ya hayo, sikio la binadamu halisikii vema sauti za chini kama linavyosikia zile za kati. Na wanafunzi wa fizikia wanajua kwamba ukiongeza nguvu ya amplifaya maradufu hupati sauti maradufu, bali nyongeza ya desibeli 3 tu. Ili msikilizaji aone kwamba sauti imekuwa kubwa mara mbili, nguvu hiyo yapaswa kuongezwa karibu mara kumi. Ndiyo maana mpiga solo aweza kutamba na amplifaya ya wati 30, na mwenziwe wa besi mwenye wati 30 hizo hizo akabaki kama bubu.

Kabla ya umeme kuingia katika muziki, bendi nyingi za Marekani za miaka ya 1920 zilitumia tuba, tarumbeta kubwa kuliko zote, kwa kuwa pumzi za mtu zilishinda vidole vyake. Wale waliotumia dabo besi, lile fidla kubwa la kusimama linalomzidi mtu kimo, walilazimika kuzivuta nyuzi kwa nguvu na kuziachia zigonge ubao wa shingo ili angalau kishindo kisikike. Katika miaka ya 1930 gitaa la kawaida lilipata umeme wake. Katika muongo huo huo Paul Tutmarc wa mji wa Seattle alitengeneza besi ndogo ya umeme na kuiuza pamoja na amplifaya yake, lakini soko halikuipokea, na kwa miaka mingi jambo hilo likasahaulika.

Aliyefuata alikuwa mpiga besi mwenyewe, Everett Hull. Mbinu yake ilikuwa nyepesi. Dabo besi husimama juu ya mguu mmoja wa chuma, nao wanaMarekani huuita kigingi. Hull alipachika maikrofoni juu ya kigingi hicho, ikakaa ndani ya tumbo la chombo, kisha akaiunganisha na amplifaya. Kutokana na kigingi hicho chenye umeme likazaliwa jina la Ampeg, na kazi ya kampuni hiyo ilianza mwaka 1946. Hull alikuwa mtu wa muziki wa jazi. Alitaka sauti safi, na alichukia makelele ya roki yaliyokuja baadaye. Kwake amplifaya ilikuwa chombo cha kumfanya mpiga besi asikike jinsi alivyo, na si zaidi ya hapo.

Upande wa pili wa nchi hiyo, mjini Fullerton katika jimbo la California, alikuwapo Leo Fender. Huyu hakuwa mwanamuziki, na gitaa hakujua kulipiga. Alisomea uhasibu, akawa kwa muda mtunza hesabu katika idara ya barabara ya jimbo lake (jambo ambalo sisi watumishi wa serikali tunaweza kujivunia kidogo), kisha mwaka 1938 akafungua duka la kutengeneza redio. Mwaka 1951 kampuni yake ilitoa Precision Bass, gitaa zito la kuvaliwa begani, lenye vipande vya chuma shingoni vinavyomwezesha mpigaji kupata sauti sahihi bila kubahatisha. Alitambua mara moja kwamba gitaa hilo bila amplifaya yake ni sawa na gari bila magurudumu, na mwaka 1952 akatoa amplifaya iitwayo Bassman, yenye spika moja ya inchi 15. Miongoni mwa watu wa kwanza kujulikana kwa gitaa hilo alikuwa Monk Montgomery, aliyekuwa akipiga katika bendi ya Lionel Hampton.

Hapo historia ikafanya mzaha. Katikati ya miaka ya 1950 Bassman iliwekewa spika nne za inchi 10. Ilipofunguliwa sana sauti yake ilikwaruza, nao wapiga solo wakaupenda mkwaruzo huo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Jim Marshall, mwenye duka la vyombo vya muziki huko Hanwell, magharibi ya London, yeye na mafundi wake waliichukua michoro ya Bassman wakaunda amplifaya yao ya kwanza. Hivyo chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya mpiga besi kikawa baba wa amplifaya za wapiga solo wa roki dunia nzima, na mpiga besi akaachwa nyuma tena.

Faraja yake ilikuja mwaka 1960, pale Ampeg walipotoa B-15, kazi ya fundi wao Jess Oliver. Ilikuwa na spika moja ya inchi 15 ndani ya sanduku lililozibwa vizuri, na mashine yake iligeuzwa chini juu ikalala ndani ya sanduku wakati wa safari. Nguvu yake ilikuwa kiasi cha wati 25 hadi 30 tu. Lakini katika vilabu vidogo na katika studio sanduku hilo lilipendwa mno. Donald Dunn, aliyepiga katika rekodi nyingi za kampuni ya Stax mjini Memphis, alilitumia. James Jamerson wa Motown, mjini Detroit, alilitumia katika vilabu; na alipokuwa studio, mara nyingi gitaa lake liliunganishwa moja kwa moja na mitambo ya kurekodia. Wanafunzi wanaosoma haya waliweke akilini jambo hilo: besi ambayo imewachezesha mamilioni ya watu haikutoka katika amplifaya kubwa.

Hata hivyo, ukumbi ukikua, hesabu hubadilika. Tarehe 15 Agosti 1965 The Beatles walipiga katika uwanja wa Shea, New York, mbele ya watu zaidi ya 55,000, wakiwa na amplifaya za wati 100 zilizotengenezwa na kampuni ya Vox. Siku hizo magitaa hayakupitishwa katika spika kubwa za uwanja kama ilivyo sasa, na kelele za wasikilizaji zilimeza kila kitu. Wapigaji wenyewe walisikilizana kwa shida. Miaka minne baadaye, 1969, Ampeg walitoa SVT, na mitambo ya kwanza ya aina hiyo ikatumiwa na Rolling Stones katika safari yao ya Marekani mwaka ule. Ilikuwa na wati 300 na valvu 14, na mashine peke yake, mbali na masanduku ya spika, ilikuwa na uzito wa kilo 40 hivi. Sasa mpiga besi alisikika, lakini alihitaji vijana wawili wa kumbebea mzigo.

Je, hapa kwetu ilikuwaje? Bendi zetu za dansi zina umri mkubwa: Dar es Salaam Jazz ilianzishwa mwaka 1932, na Morogoro Jazz mwaka 1944. Magitaa ya umeme yalipoenea, tofauti kubwa baina ya mpiga besi wetu na yule wa Ulaya ilikuwa katika umilikaji. Mwenzetu wa Ulaya au Marekani alinunua amplifaya yake, akaibeba, akaizoea kama mkulima anavyozoea jembe lake. Kwetu bendi nyingi kubwa zilikuwa za mashirika na vyama. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park, iliyoanzishwa mwaka 1978, ilichukuliwa na shirika la DDC mwaka 1983. Vyombo vilikuwa mali ya mwajiri. Mwanamuziki alipohama bendi aliondoka na vidole vyake tu, akaenda kupambana na amplifaya nyingine huko alikokwenda. Na miaka ya 1980, fedha za kigeni zilipokuwa adimu, kupata spika mpya au valvu haikuwa kazi ndogo. Pamoja na hayo yote, sikilizeni kanda zilizorekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam miaka hiyo, jinsi besi inavyozunguka na kuzungumza na tumba. Watu hao walijifunza kuitoa sauti kwa mkono kwanza, kisha kwa mashine.

Mimi nilipiga gitaa zito katika bendi ya shule hii kwa miaka miwili. Tulikuwa na amplifaya moja yenye matundu manne, na gitaa zito lilichomekwa pamoja na maikrofoni ya mwimbaji. Besi ikigonga, sauti ya mwimbaji ilitetemeka kama mtu anayeimba juu ya baiskeli katika njia ya mawe. Sababu yake ni rahisi: karatasi ya spika inaposukumwa mbele na nyuma kwa mwendo mrefu wa besi, huichukua na sauti ya mwimbaji iliyo juu yake. Dawa yetu ilikuwa kupunguza besi, na katika mazoezi jambo hilo lilituvumilia, kwa kuwa chumba kilikuwa kidogo na sanduku tulilisukuma kwenye kona, mahali ambapo kuta huisaidia sauti nzito. Siku ya mahafali, ukumbini, kuta zilikuwa mbali na watu walikuwa wengi, na besi haikusikika ng'o. Hapo ndipo kila mpiga besi hujifunza kwamba mazoezi na dansi ni mambo mawili: amplifaya inayotosha kwenye chumba cha mazoezi haitoshi ukumbini, na ile ya ukumbini, ikifunguliwa kwa pupa chumbani, huwafanya wenzako wasisikie makosa yao.

Teknolojia ya leo imeuondoa ugumu mmoja. Amplifaya za zamani zilipoteza nguvu nyingi kwa joto na zilibeba transfoma nzito. Zile zilizoenea tangu miaka ya 2000 huwasha na kuzima umeme mara mamia ya maelfu kwa sekunde, hupoteza nguvu kidogo tu, na mashine ya wati 500 yaweza kuwa na uzito wa kilo 3. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza ataibeba kwa mkono mmoja. Lakini wimbi la besi halikufupishwa; bado lina mita zile zile 8, na bado linahitaji spika ya kusukuma hewa. Aidha, katika sherehe kubwa siku hizi besi hupelekwa kwa waya hadi kwenye spika kuu za ukumbi, na amplifaya iliyo jukwaani humsaidia mpigaji na wenzake wajisikie. Kwa hiyo shule yetu haihitaji mlima wa masanduku kama ule wa mwaka 1969.

Rai yangu kwa wenzangu ni hii. Tupunguze gitaa moja katika orodha, na mahali pake tuweke amplifaya moja ya besi ya kadiri, yenye spika ya inchi 15 au mbili za inchi 10, na yenye tundu la kupeleka sauti kwenye spika za ukumbi. Tuongeze na kifaa cha kudhibiti umeme, maana umeme unaopanda na kushuka umekwisha ua vyombo vingi. Kwa kufanya hivyo hatutamsaidia mpiga besi peke yake. Mwimbaji atapata maikrofoni yenye spika yake, isiyotikiswa na mtu. Mpiga ngoma atapata mwenza wa kushikana naye. Na wachezaji watapata mahali pa kukanyaga.

Nanyi vijana mtakaokabidhiwa chombo hicho, fanyeni kama Jamerson na kama wazee wetu wa Radio Tanzania. Itoeni sauti kwa vidole kwanza, sikilizeni ngoma, ndipo mguse kitufe cha sauti. Nyumba hujulikana kwa paa lake, lakini husimama kwa msingi wake.